Kuishi Ndani ya Gari-Nyumba: Mpangilio wa Kazi Tangu Kupakia Hadi Kuondoka Kambini

Asubuhi moja niliondoka kambini kwa haraka. Sikuwa nimemaliza hata kilomita kumi pale dereva aliyekuwa nyuma yangu alipoanza kupiga honi na kuwasha taa bila kukoma. Nilipoegesha kando nikakuta kifuniko cha dirisha la paani kimeng'olewa na upepo, kinaning'inia kwenye bawaba moja. Kifuniko kile nilikuwa nakifunga kila safari. Siku hiyo, nikiwa katikati ya ukaguzi, jirani wa kambi alikuja kuniaga. Tukazungumza kama dakika tano, na alipoondoka nikaendelea na kazi iliyofuata badala ya kurudi kwenye ile niliyoiacha.

Tangu siku hiyo ninashika kanuni moja kuliko zote: kazi za gari-nyumba hufanywa kwa mpangilio uleule kila mara, na ukikatizwa katikati, unaanza upya. Mwongozo huu nimeupanga kwa mfuatano wa kazi zenyewe. Ninaposema gari-nyumba nina maana ya gari lolote lenye kitanda, jiko na maji ndani yake, liwe na injini yake au liwe karavani inayokokotwa. Pale mambo ya hayo mawili yanapotofautiana nitasema.

Hatua ya 1: Lipime likiwa limepakiwa

Kila gari-nyumba lina kibandiko au kibati kinachoonyesha uzito wa juu kabisa ambao halitakiwi kuuvuka. Mara nyingi kipo kwenye fremu ya mlango, au ubavuni kwa karavani. Ukitoa uzito wa gari tupu kwenye namba hiyo, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kupakia: watu, maji, mitungi ya gesi, viti, baiskeli, vyombo, kila kitu. Wengi hushtuka wanapoona kilichobaki ni kidogo kiasi gani.

Maji ndiyo yanayodanganya zaidi. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 likijaa umebeba kilo 100, sawa na kuongeza abiria mnene na begi lake. Kama unakokwenda kuna maji ya uhakika, safiri na tangi lenye robo tu, ya kunawia na kutumia choo njiani.

Usikadirie kwa macho. Pakia kama utakavyosafiri, kisha lipeleke kwenye mizani ya malori ulipime, ikiwezekana kila ekseli (mhimili unaobeba magurudumu) peke yake. Gari linaweza kuwa ndani ya uzito wake wote na bado ekseli ya nyuma ikawa imezidiwa.

Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli. Vyepesi kama nguo na matandiko vikae juu. Kwa karavani kuna jambo la ziada ambalo ni la kufa na kupona: uzito unaokandamiza kiungio cha kuvutia. Amerika Kaskazini hupendekezwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa karavani nzima, na Ulaya, ambako karavani huundwa tofauti, kwa kawaida ni kama asilimia 5 hadi 7, bila kuzidi kile ambacho gari na kiungio vimeruhusiwa kubeba. Ukirundika mizigo mkiani, pua ya karavani inakuwa nyepesi, na karavani yenye pua nyepesi huanza kuyumba kama mkia wa samaki mara tu mwendo unapoongezeka.

Hatua ya 2: Soma tarehe ya tairi

Matairi ya gari-nyumba huzeeka kabla ya kuisha. Gari hukaa limeegeshwa miezi mingi, jua linalichoma upande mmoja, na mpira unakauka na kupasuka mipasuko midogo huku kashata zake bado zikiwa nene. Angalia ubavuni mwa tairi, utaona maandishi yanayoanza na herufi DOT, na mwishoni tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi likishafika miaka sita ninaanza kulichunguza kwa mashaka, na likikaribia kumi silijadili tena, ninalibadilisha hata kama linang'aa.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa namba inayolingana na uzito ulioupata kwenye mizani. Na ukibadilisha gurudumu, simama baada ya kilomita 50 hadi 100 ukaze nati tena. Hulegea.

Hatua ya 3: Pima kimo, kisha panga njia

Chukua futi kamba, panda ngazi, upime kutoka ardhini hadi kwenye kitu kilicho juu kuliko vyote paani: kiyoyozi, paneli ya sola, antena. Namba iliyo kwenye kitabu cha gari huwa haijahesabu ulichoongeza baadaye. Iandike kwenye karatasi ubandike mbele ya usukani, pamoja na upana na uzito. Ukiwa umebakiza mita thelathini kufika chini ya daraja, huku nyuma kuna foleni, si wakati wa kuanza kukumbuka.

Ramani za simu za kawaida hupanga njia kwa ajili ya magari madogo. Tumia programu inayokubali uingize vipimo vya gari lako, na hata hivyo piga jicho sehemu ya mwisho ya safari kwa picha za setilaiti: kona ya kuingilia kambini, upana wa lango, mahali pa kugeuzia. Matatizo mengi hutokea kwenye kilomita hizo mbili za mwisho.

Daktari mmoja Mskoti aliyewahi kutumikia jeshi la majini la Uingereza, William Gordon Stables, aliundiwa mwaka 1885 gari la kusafiria kwa starehe, uzito wake kama tani mbili, likivutwa na farasi wawili. Mtumishi wake alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia barabara na kuwaonya waliokuwa wakija. Mbinu hiyo bado inafaa. Ukiwa huna uhakika na njia nyembamba, simama, shuka, tembea kwa miguu uione, ndipo uingize gari.

Kuhusu umbali, wasafiri wa Amerika Kaskazini wana kanuni ya tatu-tatu-tatu: usizidishe maili 300 kwa siku, ambazo ni kama kilomita 480, fika kabla ya saa tisa alasiri, na kaa angalau siku tatu. Umbali huo mimi naona ni mkubwa mno kwa barabara mbovu au ya milima, na nusu yake inatosha kabisa. Lakini sehemu ya pili, ya kufika mapema, ningeiweka kuwa sheria. Kusawazisha gari, kuunganisha maji na kurudi nyuma kati ya miti ni kazi za mchana.

Hatua ya 4: Barabarani

Mambo manne yanatosha kwa mtu anayeanza.

La kwanza ni mkia. Gari refu lenye sehemu kubwa nyuma ya magurudumu ya nyuma, ukikata kona kulia, mkia wake hutoka kushoto. Ndivyo watu wanavyogonga pampu za mafuta na nguzo walizokwisha kuzipita. Ukiwa karibu na kitu, songa mbele kwanza ukiwa umenyooka, ndipo ukate.

La pili ni mteremko. Ingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, uiache injini ikushike. Breki zitumie kwa vipindi: kandamiza vizuri mpaka mwendo upungue, achia zipoe. Ukizikalia muda wote zinapata moto na kupoteza nguvu, na harufu ya kuungua ndiyo onyo la mwisho utakalopewa.

La tatu linahusu karavani inapoanza kuyumba. Silika inakuambia ufunge breki au upambane na usukani. Usifanye hivyo. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, uache mwendo ushuke wenyewe. Kama una swichi ya kuendesha breki za karavani peke yake, ibonyeze kidogo. Ikishatulia, simama mahali salama upange mizigo upya, kwa sababu kuyumba huko hakukuja bure.

La nne ni kurudi nyuma. Ukikokota karavani, weka mkono sehemu ya chini kabisa ya usukani. Sasa unakopeleka mkono ndiko mkia wa karavani unakokwenda, na kichwa hakichanganyikiwi tena. Mtu wa kukuelekeza asimame mahali unapomwona kwenye kioo cha pembeni, na mkubaliane ishara kabla hujaanza: kulia, kushoto, njoo, simama. Usipomwona, simama papo hapo.

Hatua ya 5: Ukifika, usawazishe kwanza

Kabla ya kutoa kiti au kuchemsha maji, chagua mahali. Angalia juu kama kuna matawi makavu. Angalia chini kama maji ya mvua yana njia hapo: mchanga uliopangika kwa mistari, majani yaliyokusanyika upande mmoja. Mkondo mkavu ni mahali tambarare na panapovutia, na ndipo mafuriko ya usiku hupita, hata kama mvua imenyesha mbali na ulipo.

Weka pimamaji sakafuni. Anza na upande kwa upande: panda kwenye vibao au ngazi za kusawazishia mpaka povu likae katikati. Kisha weka kabari pande zote mbili za gurudumu. Kwa karavani, kabari huwekwa kabla ya kufungua kiungio, kila mara, hata mahali panapoonekana tambarare kama meza. Baada ya kuifungua ndipo unasawazisha mbele na nyuma kwa gurudumu dogo la mbele. Miguu ya pembeni ishushwe mwisho. Hiyo imeundwa kuzuia gari lisitikisike unapotembea ndani. Haikuundwa kuliinua kama jeki, na ukiilazimisha unapinda fremu.

Pamoja na usingizi, kusawazisha kunalinda jokofu. Majokofu mengi ya magari haya hufanya kazi kwa joto la gesi au umeme bila kikandamizi (kompresa), kwa mfumo uliobuniwa na Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi. Ndani yake amonia na maji huzunguka kwa kushuka zenyewe kwenye mirija. Gari likiinama sana, kimiminika kinatuama, mzunguko unakatika, na kwa muda mrefu jokofu linaharibika moja kwa moja. Jokofu la aina hii pia ni la subira: liwashe siku moja kabla ya safari, na uingize vitu vikiwa tayari vya baridi.

Hatua ya 6: Umeme

Ukiwa kwenye kambi yenye umeme, uliza kwanza ni ampea ngapi. Zidisha ampea kwa volti upate wati. Ampea 16 kwa volti 230 ni wati 3,680. Ampea 6, ambazo kambi nyingi za zamani za Ulaya hutoa, ni wati 1,380 tu, maana yake birika la umeme likiwaka, hita izimwe. Ampea 30 kwa volti 120, zilizozoeleka Marekani, ni wati 3,600. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake ufungue wote hata kama unahitaji mita tano. Ukibaki umejiviringisha huku unapitisha umeme mwingi, unapata joto na unaweza kuyeyuka.

Nje ya kambi unaishi kwa betri, na hapa ndipo hesabu inapokuwa rafiki. Chukua mfano wa siku ya kawaida. Jokofu dogo la volti 12 lenye kikandamizi, likivuta ampea 4 kwa jumla ya saa 12, ni ampea-saa 48. Feni ya ampea 2 kwa saa 8 za usiku ni 16. Taa ampea 1 kwa saa 5 ni 5. Ongeza simu na pampu ya maji, nazo tuseme 5. Jumla ni 74. Sasa angalia betri: betri ya asidi na risasi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo kwa kweli una 50. Haitoshi hata siku moja. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakupa 80 au zaidi bila kuumia, ila isichajiwe ikiwa na baridi chini ya nyuzi 0.

Pata kipimo cha volti kisichokuwa taa tatu za rangi. Betri ya asidi ikiwa imepumzika huonyesha kama 12.7 ikijaa, na kama 12.1 ikifika nusu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo maisha yake yote.

Kitu kimoja ninakataza kabisa kwenye gari langu: vifaa vya kutoa joto kupitia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Birika la wati 1,500 huvuta zaidi ya ampea 125 kutoka kwenye betri ya volti 12. Dakika tano za chai zinakula umeme unaotosha kuendesha ile feni ya ampea 2 kwa saa tano hivi. Chemsha kwa gesi. Paneli za sola nazo zina adui wao, kivuli: tawi moja linaloangukia kona ya paneli linaweza kupunguza umeme kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Utachagua kati ya gari lenye kivuli na paneli zenye jua, isipokuwa una paneli ya kubebeka ya kutandaza mbali kidogo na gari.

Hatua ya 7: Maji safi

Mwanzoni mwa msimu, au gari likikaa bila kutumika, safisha mfumo mzima. Jaza tangi maji, weka dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato kwa kipimo cha mililita 1 kwa kila lita. Fungua bomba zote, la moto na la baridi, mpaka unuse klorini. Acha usiku kucha. Mwaga yote, suuza kwa maji mapya mara mbili au tatu hadi harufu iishe.

Mpira wa maji ya kunywa uwe wa maji ya kunywa tu. Mpira wa kusuuzia choo uwe wa rangi nyingine na ukae sanduku jingine, upande mwingine wa gari kama inawezekana. Kabla ya kujaza, fungua bomba la kambi liteme kwa sekunde kadhaa na ulipanguse mdomo, maana hujui aliyetangulia aliligusa na nini. Kama unaunganisha moja kwa moja, weka kipunguza presha, kwa sababu mabomba ya gari hayakutengenezwa kwa presha kubwa ya baadhi ya kambi.

Kuoga ndiko kunakomaliza tangi. Lowa, funga maji, jipake sabuni, fungua ujisuuze. Vyombo vipanguswe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Baada ya wiki moja inakuwa tabia.

Hatua ya 8: Choo

Ndilo jambo ambalo watu huona haya kuuliza, na kwa hiyo ndilo wanalokosea zaidi. Nililikosea mimi pia, na kulisahihisha kulinichukua siku mbili za maji na uvumilivu.

Magari mengi makubwa yana matangi mawili ya maji machafu: moja la maji ya sinki na bafu, jingine la choo. Kosa kubwa ni kuiacha vali ya tangi la choo wazi ukiwa umeunganishwa na shimo la kambi, ukidhani unajirahisishia. Maji yanatiririka, kigumu kinabaki, kinarundikana chini ya choo kama kichuguu, na kinakauka. Vali ifungwe. Mwaga tangi likifika angalau theluthi mbili, ili uzito wa maji usombe kila kitu.

Kwa hiyo, mpangilio wa kumwaga ni huu:

1. Vaa glavu za mpira za kazi hii peke yake.
2. Unganisha bomba, hakikisha limekaa sawasawa pande zote mbili kabla ya kugusa vali.
3. Fungua vali ya choo kwanza. Subiri mpaka sauti ya maji ibadilike na kukoma.
4. Funga. Fungua ya maji ya sinki, yenye sabuni yake, yasafishe bomba.
5. Funga, chomoa, suuza bomba, na uache mahali pakiwa pasafi kuliko ulivyopakuta.
6. Rudishia tangi la choo lita kadhaa za maji kabla halijatumika tena. Tangi lisianze kamwe likiwa kavu.

Maji mengi kila unapotumia choo yanashinda dawa yoyote ya chupa. Karatasi ya chooni ijaribu hivi: weka kipande kwenye chupa ya maji, tikisa kwa sekunde chache. Ikisambaratika, inafaa. Ikibaki kipande, itaziba. Wenye choo cha kisanduku kinachochomolewa wana kazi nyepesi zaidi, ila kisanduku hujaa haraka, na kimwagwe kabla taa nyekundu haijawaka, siyo baada yake. Wala usimwage popote pale isipokuwa mahali palipotengwa. Maji ya sinki nayo yana mafuta na mabaki ya chakula, yanavuta wanyama na nzi, hivyo hayastahili kuachwa yachuruzike chini ya gari.

Hatua ya 9: Gesi na hewa unayopumua

Hapa sitanii na mtu. Nafasi ya ndani ni ndogo, na kila kinachoungua humo kinashindana na wewe kwa hewa.

Propani na butani ni nzito kuliko hewa. Zikivuja zinatuama sakafuni kama maji, na kwa hiyo kitambuzi cha gesi hufungwa chini. Kaboni monoksidi, inayotoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, haina rangi wala harufu na huchanganyika na hewa yote. Kitambuzi chake kifungwe kwa maelekezo ya mtengenezaji karibu na unapolala. Ni vifaa viwili tofauti na unahitaji vyote. Vina tarehe ya mwisho nyuma yake, isome.

Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likionekana limezimika. Makaa yenye majivu juu bado yanatoa sumu. Jiko la gesi nalo si la kupashia chumba joto. Usilale na jenereta ikiunguruma karibu na dirisha, na kama jirani ndiye mwenye jenereta, fuata moshi wake unakoelekea.

Kila unapofunga mtungi, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, kuna uvujaji. Wakati wa kuendesha, mtungi ufungwe kwenye koki yake, labda mfumo wako uwe na vifaa vilivyotengenezwa kutumika gari likitembea. Na kama unakwenda kwenye baridi kali, chagua propani: butani huacha kugeuka gesi joto linapokaribia nyuzi 0, wakati propani huendelea mpaka kama 42 chini ya sifuri.

Mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na mlango, unakokimbilia, badala ya kuwekwa nyuma ya jiko. Kila anayelala humo, watoto wakiwemo, ajaribu kwa mikono yake kufungua dirisha la dharura kabla ya usiku wa kwanza.

Kuna jambo dogo linalofuatana na hili, nalo ni unyevu. Kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Ongeza pumzi za watu waliolala, na asubuhi madirisha yanatiririka. Fungua dirisha la paani kidogo unapopika na unapolala, hata kwenye baridi. Inua godoro mara kwa mara, maana koga huanzia chini yake.

Hatua ya 10: Nje ya mlango

Turubai la kivuli likunjwe kila unapoondoka kambini na kila unapolala. Upepo mmoja wa ghafla unalipindulia paani. Mvua ikinyesha, shusha kona moja maji yapate pa kutokea.

Moto uwashe mahali palipotengwa tu. Kuuzima ni maji, kukoroga, maji tena, kisha kuweka mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukihisi joto, bado unawaka. Kuufukia kwa udongo hakutoshi, makaa hukaa hai chini yake kwa saa nyingi.

Chakula, takataka na hata dawa ya meno viingie ndani usiku. Mnyama aliyepata chakula kambini mara moja atarudi, na mara nyingi yeye ndiye anayelipia kwa maisha yake. Nyikani kusiko na choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau hatua 80 za mtu mzima kutoka kwenye maji, kisha ulifukie.

Usiku zima taa za nje. Watu wametoka mbali kuja kuona giza.

Hatua ya 11: Kuondoka

Anza ndani: makabati yote yafungwe kwa kusukumwa na mkono, mlango wa jokofu ukomewe, madirisha, dirisha la paani, pampu ya maji izimwe, hakuna chochote kilichobaki juu ya meza. Toka nje: gesi, waya wa umeme, mipira ya maji, turubai, antena, ngazi ya mlangoni, miguu ya pembeni. Karavani iunganishwe, mnyororo wa usalama ufungwe, na mwenzako asimame nyuma aangalie taa za breki na za kukatia kona. Kabari zitoke mwisho kabisa.

Kisha zunguka gari zima mara moja, polepole, ukigusa kila kitu kwa mkono huku unakitaja kwa sauti. Macho huzoea na kuruka. Mkono hauruki. Akija mtu kukuaga katikati, msalimie vizuri, zungumzeni mmalize, halafu rudi mlangoni uanze na kabati la kwanza.

Ukishapanda, songa mbele mita kumi, simama, shuka. Rudi uangalie pale gari lilipokuwa limeegeshwa. Hapo ndipo utakapokuta kigingi cha turubai, kiatu cha mtoto, kibao cha kusawazishia kilichozama kwenye majani, au tone la mafuta linalokuambia ufungue boneti kabla hujaenda popote.